Sura ya Tisa: Maji Yanayoshika Umbo

Kipande kilikuwa cheusi, kikubwa kama mche mfupi wa sabuni, na kilipowekwa kwenye kiganja cha Inspekta alidhani bado hajapewa. Alitazama kuhakikisha. Kilikuwepo.

"Usikibane," alisema mtaalamu wa hadubini. "Karibu chote ni hewa."

"Hata mimi mwisho wa mwezi niko hivyo hivyo." Inspekta alikirudisha kwenye kisahani chake cha kioo. "Haya. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Mtaalamu wa hadubini, ambaye chuo kizima kilimwita Macho, alikuwa rafiki wa marehemu. Walikula pamoja mchana, walisengenya pamoja, walikopeshana viatu. Inspekta alimwamini kwa kiasi. Rafiki wa marehemu husaidia sana, na wakati mwingine husaidia kupita kiasi.

Marehemu alikuwa mtafiti kijana, mpwa wa Profesa mwenye maabara. Jumapili asubuhi mlinzi alimkuta sakafuni katika chumba cha baridi, kijumba kisicho na dirisha ambamo sampuli hugandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Nitrojeni haina rangi wala harufu. Ikichemka huifukuza hewa chumbani, na mtu huanguka kabla hajajua kama kuna shida. Ndiyo maana kuna feni kubwa ya kutoa hewa. Feni ilikuwa imezimwa, na aliyeizima alikiri tangu alipoulizwa mara ya kwanza: fundi wa maabara. Aliizima Ijumaa jioni kwa sababu beringi ilikuwa imekufa na mota inatoa moshi. Alisema alimwambia Profesa ana kwa ana, wamesimama mlangoni, kwamba mtu asiingie humo mpaka atakapoitengeneza Jumatatu.

Profesa alisema hakuambiwa kitu. Alisema pia kwamba tangu Ijumaa ile hakukanyaga jengo mpaka alipoitwa Jumapili kuonyeshwa maiti.

Neno la profesa, neno la fundi. Mkuu wa kituo hakuhitaji mizani. Fundi alikuwa akilala mahabusu, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa uzembe uliosababisha kifo. Jumamosi alikuwa hospitali na mtoto wake mwenye pumu. Nesi alimkumbuka vizuri kwa sababu alitengeneza feni ya wodi bila kuombwa. Hilo halikumsaidia. Kosa aliloshtakiwa nalo lilikuwa la Ijumaa.

Mkewe alikuwa anashinda kwenye benchi la kituo. "Huyu, bomba la jikoni likivuja tone moja, hapati usingizi," alimwambia Inspekta asubuhi ile. Inspekta alimjibu kwamba huo si ushahidi, akaingia ndani.

Ushahidi, kama upo, ulikuwa huu mweusi. Jumapili wenzake walipokuwa wanapiga picha, Inspekta alifungua friza ya maabara, kwa sababu yeye hufungua friza zote, akakuta kisahani kimoja cha sampuli kimekaa rafu ya juu. Walitaka kukitupa. Alimkabidhi Macho na kumwambia akifanyie kile ambacho marehemu angekifanyia kama angekuwa hai. Kikaingia kwenye mashine ya kukaushia, barafu ikatoka kama mvuke bila kuyeyuka, na leo kilikuwa kimetoka.

Macho alianza mbali kidogo. Ukisukuma mafuta kwa sindano ndani ya maji, alisema, uzi wa mafuta unakatika papo hapo na kuwa matone. Kila aliyewahi kuosha sufuria anajua. Sasa weka chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kila moja ina nyuso mbili, uso mmoja unapenda maji na wa pili unapenda mafuta. Zinakimbilia mpakani, pale maji na mafuta yanapokutana, kila moja inageuza uso wake panapostahili, na zinabanana mpaka haziwezi kusogea tena. Uzi unabaki uzi. Bado ni kimiminika, lakini kimeshika umbo.

"Wenye nyuso mbili ndio wanaoshikilia pande zote," Inspekta alisema. "Nina wifi wa aina hiyo. Bila yeye ukoo ungeshavunjika."

Macho hakucheka. "Ukishapata umbo, unaligandisha, unalikausha, linabaki. Ndiyo erojeli. Hii ya kwao inakunywa mafuta yaliyomwagika na kuyaacha maji. Wageni walikuwa waje kuiona Jumatatu."

"Na umbo la hii linasema nini?"

Macho aligeuza skrini. Sehemu ya chini ya kipande ilikuwa na matundu marefu, yamesimama wima kama mirija iliyofungwa pamoja. Kisahani hukaa juu ya bamba la shaba, alieleza, na bamba huzamishwa kwenye nitrojeni. Baridi hupanda kutoka chini, barafu nayo huota kuelekea juu na kupanga kila kitu kwa mstari. Halafu, katikati, mirija iliishia ghafla. Kutoka pale kwenda juu matundu yalikuwa madogo, yamelala kila upande.

"Hapa ndipo kilipotolewa kwenye shaba," Macho alisema. "Hii ya juu imegandia ndani ya friza."

"Labda alikitoa mwenyewe, akakiweka kwenye friza, akarudi chumbani kuchukua kitu."

"Hakuna anayetoa katikati. Kwani wewe unatoa keki kwenye tanuri ikiwa mbichi?"

"Nimewahi. Mtoto alikuwa anaungua homa."

"Basi unajua ilivyokuwa."

Inspekta alilikubali hilo. Aliuliza ingekuwaje kama kisahani kingeachwa pale pale kwenye shaba. Macho alisema nitrojeni ingekwisha, barafu ya chini ingeyeyuka, na mirija yote ingelala kama majani yaliyokanyagwa. Haikulala. Kwa hiyo kiliondolewa nitrojeni ikiwa bado inachemka.

"Na nitrojeni ikiwa bado inachemka, rafiki yako alikuwa wapi?"

"Sakafuni."

"Kwa hiyo mtu aliingia, akamruka, akachukua kisahani."

Macho alibonyeza picha nyingine. Ilikuwa ya uso wa juu wa kipande. Mistari myembamba ilikatana kama wavu, nyuzi za kwenda na nyuzi za kupita, na pembeni kulikuwa na mishono miwili sambamba. Ule wa pili ulikuwa umeyumba, ukaupanda wa kwanza, ukashuka tena.

"Kitambaa," Macho alisema. "Kiliwekwa juu kabla hapajaganda. Maji ya kawaida yangesahau. Haya yana chembe, yakashika sura ya kilichoyagusa."

"Nani hapa anafunika sampuli kwa kitambaa?"

Macho alitazama mlango kwanza. Wao wote, alisema, hutumia vifuniko. Kifuniko cha marehemu kilikutwa mezani, kisafi. Ila Profesa yeye hutumia kitambaa kilicholoweshwa. Zamani walipokuwa hawana vifaa, upepo wa friza ulikuwa unapasua uso wa sampuli, na kitambaa kibichi ndicho kilichowaokoa. Tangu hapo hajaacha. Marehemu alikuwa anamwita Mjomba Kitambaa, mbele yake, naye anacheka.

"Umeyaona haya lini?"

"Leo asubuhi. Nilikupigia hapo hapo." Macho alizima skrini. "Inspekta, huyu mzee ndiye aliyenipa kazi."

"Ndiyo maana nimekuuliza lini."

*

Nyumba ya bibi wa marehemu ilikuwa mtaa wa nyuma ya chuo. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa mlangoni vikisubiri mwenyewe aje kuvichukua. Bibi alikuwa dirishani, miwani puani, anapinda ukingo wa kitambaa cheupe. Inspekta alimwamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa kiti.

Huyu ndiye mama yake Profesa. Binti yake alifariki mapema akaacha mtoto wa kike ananyonya. Bibi alimlea, Profesa akamsomesha, na wiki hii wamemzika.

"Umekuja kuniambia mmeshamfunga?"

"Bado, mama."

Bibi hakufurahi, na alilieleza hilo kwa kirefu. Fundi yule alikuwa amekula katika nyumba hii. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho alichokalia Inspekta, akatengeneza pasi, akapewa chai, akaitwa mwanangu. Leo mjukuu wake amekufa kwa swichi ya huyo mwanangu. Alitaka afungwe mpaka meno yamtoke moja moja, na asipewe uji.

Inspekta alisubiri amalize. Kisha akaanza na kushona, kama wanawake wawili wanaopoteza muda. Bibi alilainika. Vitambaa hivi alikuwa akimshonea mwanawe tangu anaanza shule, anakwenda na kamasi mpaka mdomoni. Sasa ni Profesa, anasafiri kwa ndege, lakini anajifuta jasho kwa kitambaa cha mama. Mkewe alipoondoka, hata nguo zake zilirudi kufuliwa hapa.

"Mjukuu naye ulimshonea?"

"Yule? Yule alikuwa mtu wa karatasi. Anajifuta, anatupa." Sindano ilisimama kidogo, ikaendelea. "Macho yangu nayo yameisha. Mshono wa kwanza nashona kwa macho, wa pili nashona kwa mazoea."

Inspekta aliomba maji ya kunywa, akafuata mwenyewe uani. Kwenye kamba kulikuwa na mashati, soksi, na vitambaa vitano. Vinne vilikuwa vyeupe. Cha tano kilikuwa na doa kubwa jeusi katikati. Alikifuata, akashika ukingo wake, akauzungusha polepole mikononi. Kwenye kona moja mshono wa pili uliyumba, ukaupanda wa kwanza, ukashuka tena.

"Hicho kimenishinda," bibi alisema nyuma yake. Alikuwa amekuja na kikombe. "Nimekisugua, nimekikamulia limau, nimekianika siku mbili. Si wino, si masizi. Nilikitoa kwenye koti alilokuja nalo Jumapili. Kilikuwa kinachuruzika maji, mfuko wote umelowa."

"Jumapili ya msiba?"

"Kwani ziko ngapi?"

Inspekta alikunywa maji yote. "Mama, nakihitaji hiki."

"Cha nini?"

"Cha kazi."

"Kazi ya yule fundi?"

"Ya aliyekosa."

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. Alinyoosha mkono kwenye kamba na kuanua kingine, akakikunja vizuri mara nne. "Chukua hiki. Hiki ni kisafi."

"Nataka hiki chenye doa."

Walikuwa wamekishika wote wawili, kila mmoja kwa kona yake. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akasalimia, hakujibiwa, akaondoka.

"Nilikuwa na binti," bibi alisema. "Nikawa na mjukuu. Nimebaki na mmoja. Wewe umesoma, mwanangu. Unajua kuhesabu?"

"Najua, mama."

Bibi aliachia. Aliokota kikombe kilichokuwa kimewekwa chini na kurudi ndani, na sindano yake hakuishika tena.

*

Inspekta alipitia kwa Macho kwanza. Alimpa kitambaa, akangoja kwenye korido akila karanga, na alipoitwa aliangalia alichoonyeshwa mara mbili. Kisha akapanda ghorofa ya juu na konstebo mmoja, akamwacha mlangoni.

Profesa alimkaribisha kwa adabu. Alikuwa mtu mrefu, sauti ya chini, macho mekundu ya kukosa usingizi. Inspekta aliweka kisahani cha kioo mezani. Kabla hajakaa, Profesa alishauliza.

"Imetoka nzima?"

"Chini nzima. Juu hovyo."

Profesa alivuta taa ya mezani, akainama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti Jumapili. Inspekta alikuwepo mara zote mbili. "Iliondolewa kwenye shaba mapema," alisema.

"Na nani?"

"Sijui. Yeye mwenyewe, labda."

"Na labda akaifunika kwa kitambaa." Inspekta aliweka picha ya uso wa juu, na kando yake kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, kona kwa kona.

Profesa alisema mama yake hushona vingi. Mpwa wake huenda alichukua kimoja. Inspekta alimwambia bibi anasema mjukuu alikuwa mtu wa karatasi. Profesa alisema mama ni mzee sasa, anasahau. Inspekta alisema huyu mzee amekumbuka kwamba alikitoa kwenye koti la mwanawe, Jumapili, kikiwa kinachuruzika.

"Nilikuwa nalia," Profesa alisema.

"Unalia machozi meusi?"

Profesa aliusogeza mfuko wa plastiki pembeni.

"Macho amelitazama doa. Chembe ni zile zile, zenye nyuso mbili. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba hakuna chumba kingine nchini kinachozitengeneza. Jumapili uliingia na sisi, ukaenda mpaka kwenye friza, tukadhani umeishiwa nguvu. Mlinzi alikupa kiti. Ulikuwa unabandua kitambaa chako."

Profesa alizima taa. Alipoanza kusema hakusimama, na Inspekta hakumkatiza.

Jumamosi asubuhi alimpigia mpwa wake simu. Polisi waliijua simu ile. Aliwaambia ilikuwa juu ya dawa za bibi. Ilikuwa juu ya wageni. Sampuli ya kuwaonyesha ilikuwa bado, na Jumatatu isingesubiri. Alimwambia msichana aegeshe mlango kwa kiti, ni kazi ya saa moja tu. Mchana akapita kuangalia. Kiti kilikuwa kimeteleza, mlango umejifunga. Aliufungua, akasimama nje mpaka hewa ikawa nzuri, ndipo akaingia.

"Kwa nini ulisimama nje?" Inspekta aliuliza.

"Kwa sababu feni—"

"Malizia."

"Kwa sababu feni ilikuwa imezimwa."

"Uliambiwa na nani?"

Profesa alitazama dirisha. "Na fundi. Ijumaa."

Konstebo mlangoni alibadilisha mguu. Inspekta alimtazama awe shahidi, kisha akarudi kwa Profesa.

"Mpwa wako ulimgusa?"

"Alikuwa ameshakufa."

"Nimeuliza kama ulimgusa."

"Nilimwona."

"Uliweka mkono shingoni? Uliweka sikio puani?"

"Inspekta, kitu kilikuwa kimefika nusu. Kingekaa pale kidogo tu..." Alisikia anachosema, akajaribu njia nyingine. "Ni kazi yake. Miaka yake yote. Yeye mwenyewe asingetaka iharibike."

"Kwa hiyo kisahani ulikigusa."

"Ndiyo."

"Nilimuuliza daktari kama alikufa mara moja au alikaa. Alisema hawezi kuniahidi. Uliyekuwepo ni wewe, na wewe uliangalia sampuli." Inspekta alisimama, akakusanya vitu vyake kimoja kimoja. "Haya. Chukua koti."

Profesa alilichukua. Mlangoni aliomba kitu kimoja tu: ampigie mama yake kabla hajasikia kwa watu.

"Kitambaa amenipa yeye," Inspekta alisema. "Piga ukitaka."

Hakupiga.

*

Mkuu wa kituo alikasirika, kwa utaratibu wake wa kukasirika kwa sauti ndogo na mlango umefungwa. Alitaka kujua kwa nini profesa mzima amepitishwa mlango wa mbele. Alitaka kujua magazeti yatasema nini, na kama hiyo sponji nyeusi inaweza kuapa mahakamani. Inspekta alisema sponji haihitaji kuapa, mtu amekiri mbele ya konstebo. Mkuu alisaini karatasi ya kumtoa fundi bila kumtazama.

Fundi alitolewa saa za kazi zikielekea mwisho. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, ndevu zimemwota vibaya. Alirudishiwa mkanda, viatu na koleo lake dogo, akavihakiki, akakaa chini kufunga kamba za viatu. Mkewe alisimama mbele yake na mfuko wa nguo, anamwangalia anavyofunga, kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka watamrudisha ndani.

Inspekta alimweleza kwa kifupi. Profesa amekiri aliambiwa juu ya feni. Alimpigia msichana aingie, na Jumamosi alimkuta sakafuni. Hakuna mashtaka tena. Alimwambia pia namna walivyojua: kipande kile cheusi, kitambaa, mshono.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama dada yule alikuwa bado anapumua Jumamosi mchana. Inspekta alisema hajui. Fundi alitikisa kichwa, akamaliza kiatu cha pili.

"Pole kwa usumbufu," Inspekta alisema.

"Mimi nilikwambia Jumapili, mama. Nilikwambia nimekaa pale pale uliposimama. Nilimwambia Profesa, nilisema, na nilikutajia mlango." Hakupandisha sauti. "Sponji imesema leo, na leo mmeamini."

Inspekta alikuwa na jibu. Lilikuwa la kweli, juu ya ushahidi na sheria, na alikuwa amelitumia kwa mke wa fundi asubuhi ile. Alilifikiria, akaliacha.

Fundi alichukua mfuko kwa mkewe, wakatoka.